Programu za majaribio katika Linux na hatari ya kuvuruga daftari la mfumo

Programu zilizo katika hatua ya majaribio huwavutia watumiaji wengi wa kompyuta, kwa kuwa huleta mambo mapya kabla ya wakati wake. Katika mfumo wa Linux, hata hivyo, kuziweka pasipo uangalifu kunaweza kuuharibu mfumo mzima.

Mwezi Novemba mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa Canada anayejulikana kwa vipindi vyake vya kompyuta katika YouTube, alionyesha jinsi alivyojaribu kuweka Steam, programu ya michezo, katika Pop!_OS, mojawapo ya mifumo ya Linux. Hazina ya mfumo huo ilikuwa na vifurushi visivyoafikiana. Kompyuta ilimwonya kwamba vifurushi vya lazima vingeondolewa, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha. Akaiandika. Muda mfupi baadaye sehemu yote inayoonyesha madirisha na picha ilikuwa imefutwa, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi matupu.

Steam haikuwa programu ya majaribio. Lakini mkasa huo ndio hasa unaowanyemelea wale wanaoziweka programu hizo kwa pupa.

Daftari la vifurushi

Pop!_OS, sawa na Ubuntu, imejengwa juu ya Debian, mfumo ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Humo kila programu huja ndani ya kifurushi. Chombo kiitwacho dpkg huandika katika daftari lake kila kifurushi kilichowekwa, toleo lake, na vifurushi vingine kinavyovitegemea. Juu yake ipo APT, ambayo huvitafuta vifurushi katika hazina na kuamua kipi kiingie na kipi kitoke ili hesabu ya daftari isawazike.

Tatizo ni kwamba programu nyingi hutumia maktaba za pamoja. Maktaba ya glibc, kwa mfano, hutegemewa na takriban kila programu. Iwapo programu ya majaribio itadai toleo jipya la maktaba kama hiyo, APT ama itakataa, ama itapendekeza kuondoa vitu vinavyoizuia.

Kosa linalojulikana sana ni kuongeza hazina ya sid, tawi la Debian lisilo imara, katika kompyuta inayotumia tawi imara. Maktaba mpya zikishaingia, kurudi nyuma ni vigumu, kwani Debian haitoi hakikisho kwa anayerejesha vifurushi katika matoleo ya zamani. Wajuzi huuita mfumo uliochanganywa hivyo FrankenDebian, wakiufananisha na kiumbe aliyeungwa kwa viungo vya maiti katika riwaya ya Mary Shelley.

Njia zilizo salama zaidi

Kanuni ya msingi ni kuiweka programu ya majaribio mahali ambapo daftari la dpkg halihusiki. Firefox ya majaribio, kwa mfano, hutolewa na Mozilla katika faili iliyobanwa. Mtumiaji huifungua ndani ya folda yake mwenyewe na kuiendesha bila neno la siri la msimamizi. Akiichoka, huifuta folda hiyo, na Firefox ya mfumo hubaki kama ilivyokuwa.

Njia ya pili ni Flatpak, ambamo programu huja na maktaba inazozihitaji na kukaa kando na zile za mfumo. Gharama yake ni nafasi kubwa zaidi katika diski. Kwa anayetaka tu toleo jipya kidogo, Debian ina hazina ya backports, yenye vifurushi vipya vilivyotayarishwa kwa ajili ya tawi imara.

Anayejenga programu kutoka msimbo wake naye ana mahali pake, /usr/local, ambapo vifurushi vya Debian haviweki faili zao. Aidha, tangu Debian 12 iliyotolewa mwezi Juni mwaka 2023, pip, chombo cha kuweka programu za lugha ya Python, hukataa kuziweka katika mfumo wenyewe, na humwelekeza mtumiaji atenge mazingira ya pembeni.

Kusoma kabla ya kukubali

Pale ambapo hapana budi kuitumia APT, amri ya apt-get ikiongezewa alama -s huonyesha yale ambayo yangetendeka bila kugusa chochote. Orodha muhimu zaidi hapo ni ya vifurushi vitakavyoondolewa. Mtu aliyeomba programu moja kisha akaona makumi ya vifurushi vikitakiwa kutoka, hana sababu ya kuendelea.

Baada ya mkasa wa mwaka 2021, waundaji wa APT waliongeza vizuizi dhidi ya kuondoa vifurushi vya lazima. Hata hivyo, onyo lilikuwepo tangu awali, nalo lilisomeka waziwazi katika skrini.