Kansa ya utumbo mpana: wataalamu watafuta dawa isiyotoka tumboni

Luhwindja, wilayani Mwenga, kama kwingineko Kivu ya Kusini, mtu akiona damu kwenye choo kikubwa hufikiri kwanza amiba ao bawasiri. Ananunua dawa kwenye farmasia, damu inakauka, kazi inaendelea. Mara nyingi si jambo la kuogopesha. Lakini damu hiyo inaweza pia kuwa alama ya kansa ya utumbo mpana.

Zamani ugonjwa huu ulionekana mara chache sana kwetu. Denis Burkitt, muganga mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda karibu miaka 20, aliandika mwaka 1971 kwamba huenda Waafrika walilindwa na chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi, kama maharagi na mboga. Leo hali si ile. Mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1.9 duniani walipatikana na kansa hii, na karibu 900,000 walikufa.

Kansa hii haiji kwa siku moja. Huanza na kijinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, kiitwacho polipu. Mara nyingi polipu huchukua miaka 10 ao zaidi kabla ya kugeuka kansa. Muda huo ndio wataalamu wanataka kuutumia.

Ndani ya polipu nyingi, enzime moja iitwayo COX-2 hufanya kazi kupita kiasi na kusaidia kijinyama kukua. Dawa ya selekoksibu huizuia enzime hiyo, na majaribio yalionyesha kwamba inapunguza polipu. Lakini mwezi wa 12 mwaka 2004, jaribio kubwa nchini Marekani lilisimamishwa: waliomeza dawa hiyo walipata shida za moyo kuliko wenzao. Dawa iliingia katika damu na kuzuia enzime hata pale mwili unapoihitaji.

Ndiyo maana wanakemia sasa wanatafuta vizuizi vya enzime vinavyobaki ndani ya utumbo tu. Jambo hilo si geni kwetu. Mebendazoli, dawa ya minyoo ambayo wazazi wengi huwapa watoto, huingia kidogo sana katika damu. Kazi yake kubwa huifanya tumboni, kisha inatoka na choo. Kazi ngumu ni kutengeneza molekuli kubwa ao yenye umbo lisiloweza kupenya ukuta wa utumbo, lakini bado inayoweza kuifikia polipu. Tena inapaswa kuvuka tumbo la chakula bila kuharibika hadi utumbo mpana.

Kazi hiyo bado iko maabarani. Kwa sasa, kinga iko mikononi mwetu: kula maharagi, mboga na matunda, kupunguza pombe, kuacha tumbaku. Na damu ikirudi kwenye choo, ao choo kikibadilika kwa wiki nyingi, ao mtu akikonda bila sababu, asirudi tena farmasia. Aende hospitali, amwambie muganga bila haya.