Fenolfthaleini Haihitaji Maji

Mwanafunzi wa famasia anadondosha fenolfthaleini kwenye asidi asetiki isiyo na maji, anasubiri rangi ya waridi, haiji. Ndipo linapokuja swali ambalo wakemia wa maabara za dawa wamelichoka: je, akiongeza maji kidogo, kiashirio kitaamka?

Hapana. Maji ndiyo yanayoharibu kazi yenyewe. Ndani ya asidi asetiki, maji ni besi, nayo hushindana na dawa inayopimwa kugombania protoni za asidi perkloriki inayotoka kwenye bureti. Rangi iliyopaswa kugeuka kwa tone moja hugeuka polepole, na mpimaji hajui afunge bureti wakati gani. Asidi perkloriki inayouzwa huja na maji takriban asilimia 30, ndiyo maana huongezwa anhidridi asetiki ya kuyamaliza. Tena kwa kiasi: ikizidi, hushambulia baadhi ya amini, na majibu yakashuka.

Kosa linaanzia kwenye jedwali la viashirio linalokaririwa tangu sekondari. Fenolfthaleini, pH 8.2 hadi 10. Methili chungwa, 3.1 hadi 4.4. Namba hizo ni za maji, na nje ya maji hazina kazi! Kiashirio nacho ni asidi au besi dhaifu, na rangi yake hutegemea kama kimeshika protoni au kimeiachia. Katika asidi asetiki tupu, fenolfthaleini haiachii protoni kamwe. Kristali violeti, ambayo kwa jedwali hilo hugeuka chini ya pH 2 na wanafunzi huiruka, hapa ndiyo yenyewe: hupokea protoni hatua kwa hatua, kutoka zambarau kwenda bluu, kijani, kisha njano. Pa kusimama hapakisiwi kwa macho. Elektrodi hutangulia kuonyesha kikomo, ndipo rangi ya pale ichukuliwe kuwa alama; kwa besi nyingi ni bluu au bluu-kijani.

Kwa asidi dhaifu, tumia thimoli bluu ndani ya dimethilifomamaidi: njano hadi bluu. Mafuta ya mitambo, naftolibenzeini: chungwa hadi kijani. Sampuli yenye rangi nzito, elektrodi tu.

Na joto lisisahaulike. Asidi asetiki hutanuka kwa takriban 0.0011 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Myeyusho uliosanifishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ukatumika mahali penye nyuzi 10 zaidi, umepungua nguvu kwa asilimia 1 hivi, na hakuna kiashirio kitakachoonyesha hilo.