Unga wa Kijani Kwenye Gunzi

Mavuno yanapoingia nyumbani huko Mtowisa, katika joto la bonde la Ziwa Rukwa chini ya milima ya Ufipa, mama huweza kukuta gunzi lenye unga wa kijani-manjano baina ya punje. Aghalabu huupangusa kwa kiganja na kuendelea kupukuchua. Unga ule si vumbi. Ni spora zisizohesabika za kuvu iitwayo Aspergillus flavus.

Kuvu hii kwa kawaida huzaliana bila dume wala jike. Uzi wake mwembamba huinua kikonyo chenye kichwa cha duara, na juu yake spora hujipanga kama shanga, kila moja nakala ya mzazi wake. Upepo, wadudu na mikono yetu huzisambaza, nazo huweza kusubiri udongoni hadi zipate joto na unyevu. Hapo huchipua, na kuvu hutengeneza sumukuvu.

Sumu hii haionekani kwa macho, wala moto wa ugali au uji hauimalizi. Hudhuru ini, na ikiliwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Watoto wanaokuzwa kwa uji wa mahindi na karanga wamo hatarini zaidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulizifikia Dodoma na Manyara.

Spora hatuwezi kuzimaliza, ila unyevu twaweza kuzinyima. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Kabla ya kuhifadhi, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha kwa robo saa: chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Punje zenye kuvu zitengwe, wala asipewe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi katika maziwa.

Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikapata unyevu, alimkemea muuzaji kwa kuuficha chini. Anayefanya hivyo leo humtia mwenziwe hasara ya fedha, na pengine humdhuru ini mtoto asiyemjua.