Ukaguzi wa nishati majumbani: kazi ya ziada kwa mkaguzi wa nyumba

Umeme wa LUKU ukiisha mapema kuliko ulivyotarajia, unamlaumu nani? Wengi tunaanza na friji, kisha pasi, kisha yule mdogo wetu anayeacha taa zinawaka. Nyumba yenyewe huwa hatuishuku. Marekani, ambako baridi hufanya bili za kupasha joto ziume kweli, kuna watu wanaolipwa kuishuku nyumba. Leo tuone kazi hiyo inafanyikaje, na kwa nini inawavutia wakaguzi wa nyumba.

Mkaguzi tayari yuko darini

Kule, mtu akitaka kununua nyumba, kwa kawaida humlipa mkaguzi aiangalie kabla ya kukamilisha ununuzi. Mkaguzi anapanda paani, anaingia darini, anaangalia nyaya, mabomba na mtambo wa joto, kisha anaandika ripoti. Ubaya wa kazi hii ni kwamba inafuata soko: nyumba zisipouzwa, simu hailii.

Ukaguzi wa nishati unamfungulia mlango mwingine, kwa sababu hata asiyeuza nyumba analipa bili. Ngazi anayo, gari analo, jicho la kuisoma nyumba analo. Kinachobaki ni mafunzo, cheti na vifaa vichache.

Feni mlangoni

Kifaa kikuu ni feni inayofungwa kwenye mlango wa nje kwa fremu na turubai. Madirisha yote yanafungwa, kisha feni inatoa hewa nje mpaka shinikizo la ndani lipungue kwa paskali 50 kuliko la nje. Hapo hewa ya nje inajipenyeza kupitia kila ufa. Kiasi ambacho feni inatoa ili kushikilia tofauti hiyo ndicho kiasi kinachovuja.

Tupige hesabu. Nyumba ina mita za ujazo 400 za hewa, na feni inatoa mita za ujazo 4,000 kwa saa. Gawanya: hewa yote inabadilishwa mara 10 kwa saa. Je, ni nyingi? Kanuni ya mfano ya ujenzi ya Marekani ya mwaka 2012 iliweka kikomo cha mara 3 kwa nyumba mpya katika maeneo mengi ya nchi, na mara 5 kwa maeneo yenye joto zaidi. Kwa hiyo nyumba yetu ni chujio! Kamera ya joto ndiyo inayoonyesha mashimo yako wapi.

Hela iko wapi?

Kwa sehemu, iko kwenye sheria. Tangu 2018, mji wa Portland, Oregon, unamtaka anayeuza nyumba apate kwanza alama ya nishati, kati ya 1 na 10, kabla ya kuitangaza sokoni. Mkaguzi mwenye cheti anapata wateja papo hapo. (Kwa alama hiyo, kipimo cha feni si lazima.)

Lakini sheria inatoa na sheria inachukua. Kuanzia 2023, serikali kuu ilimpa mwenye nyumba punguzo la kodi la asilimia 30 ya gharama ya ukaguzi, lisilozidi dola 150. Punguzo hilo lilifikia kikomo mwisho wa 2025. Aliyejenga biashara yake yote juu ya punguzo amebaki na feni.

Kosa linaloweza kuua

Ukiziba nyufa bila kufikiri, unaweza kuleta balaa. Mtambo wa gesi wa kuchemsha maji unaovuta hewa chumbani unahitaji bomba lake litoe moshi nje. Nyumba ikibana sana, feni ya jikoni inaweza kuuvuta moshi ule urudi ndani, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana mkaguzi mzuri hupima usalama wa mitambo kabla na baada ya kuziba.

Tena, anayepima asiwe ndiye anayeuza dawa. Kanuni za maadili za ASHI, chama cha wakaguzi wa nyumba, zinamkataza mwanachama kutengeneza kwa malipo alichokikagua, kwa mwaka mmoja. Kwa maoni yangu, huo ndio mtaji wake mkubwa: fundi wa kuziba nyufa ana sababu ya kuziona nyingi, mkaguzi hana.

Na sisi?

Usikimbilie kuagiza feni. Nyumba ya Dar yenye madirisha wazi mchana kutwa haina cha kupimwa kwa feni. Adui pale ni jua linalopiga bati. Ila utaratibu wenyewe unasafiri vizuri: pima kwanza, rekebisha, halafu pima tena. Usipopima mara ya pili, utajuaje kama hela yako imefanya kazi?