Kibano cha moto: kabla hujanunua stesheni ya kulehemu ya nyumbani

Fungua chaja ya simu iliyokufa, uigeuze bodi yake uangalie upande wa chini. Utaona vipande vidogo vya mstatili, vingine vyeusi vyenye namba, vingine vya kahawia visivyo na alama yoyote. Vyeusi kwa kawaida ni rezista, vya kahawia ni kapasita za kauri. Havina miguu inayopita kwenye tundu. Vimelehemiwa juu ya uso wa bodi kwa ncha zake mbili. Kipande cha saizi ya 0805 kina urefu wa milimita 2 na upana wa 1.25. Cha 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8. Cha 0402, ambacho kimejaa ndani ya laptopu, ni milimita 1 kwa nusu milimita, na kikidondoka kwenye zulia usijisumbue kukitafuta.

Kukiweka kipande kama hicho kunawezekana kwa chuma cha kawaida, ilimradi mkono umetulia. Kukitoa ndiko kwenye mtihani. Chuma kina ncha moja, kipande kina pande mbili: ukiyeyusha lehemu ya kulia, ya kushoto imeshaganda. Fundi asiye na subira huinua upande mmoja kwa nguvu, na pedi ya shaba inabanduka pamoja na njia yake. Kapasita ya kauri nayo haivumilii kupashwa ghafla upande mmoja huku wa pili ukiwa baridi. Hupata ufa usioonekana kwa macho, inafanya kazi wiki mbili tatu, kisha inapiga shoti na kuondoka na kilicho jirani yake.

Kibano cha moto kinaondoa tabu hiyo kwa njia iliyo nyoofu. Ni vyuma viwili vya kulehemu vilivyounganishwa kwenye mpini mmoja, kila kimoja na hita yake. Unagusa pande zote mbili kwa wakati mmoja, lehemu inayeyuka kote, na kipande kinainuka bila kuvutwa. Kwa mtu anayetengeneza vitu nyumbani, iwe ni bodi ya televisheni, amplifaya, kidhibiti chaji cha sola au laptopu ya jirani, sijaona kifaa kinachookoa pedi nyingi zaidi.

Hata hivyo, ninamshauri mtu wa nyumbani akihesabu kibano kuwa mpini wa pili. Wa kwanza ni chuma kizuri chenye ncha moja, kwa sababu ndicho atakachokishika karibu kila siku: kuunga waya, kubadilisha soketi ya chaji, kusafisha pedi, kuweka kipande kipya. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni hili: stesheni ipi nzuri kwa chuma cha kawaida, na je, itakubali kibano leo au mwakani? Kibano cha bei rahisi kinachouzwa peke yake, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye soketi na kisicho na kidhibiti joto, kiache palepale kilipo. Hupanda joto kupita kiasi, na pedi uliyotaka kuiokoa ndiyo ya kwanza kuungua.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumie bloa, kwani mafundi simu wengi wanaishi nayo. Bloa ina nafasi yake, hasa kwa saketi unganishi zenye miguu pande nne. Lakini upepo wake hauchagui. Unapasha kila kilicho karibu, unayeyusha plastiki ya soketi iliyo pembeni, na kwenye bodi iliyobanana unaweza kuhamisha vipande ambavyo hukuvikusudia. Kibano kinagusa kile ulichokilenga, basi. Njia nyingine ni kutumia vyuma viwili, kimoja kila mkono, lakini hapo huna mkono wa tatu wa kushika bodi. Ipo pia lehemu ya bati na bismathi, inayoyeyuka kwa nyuzi 138 tu: ukiichanganya na lehemu iliyopo, kipande hubaki kikielea kwa muda wa kutosha kukiondoa hata kwa chuma kimoja. Ni njia nzuri kwa anayetoa vipande vichache kwa mwaka, na mtu huyo hahitaji kibano kabisa.

Sasa tuingie kwenye jambo lenye uzito kuliko yote, namna joto linavyofika kwenye ncha. Stesheni za zamani, na zile nyingi zilizoiga Hakko 936 ambazo zimejaa madukani, zina hita ya kauri iliyovalishwa ncha ya chuma kama kofia. Kati ya hita na ncha pana upenyo mdogo wa hewa, na kihisi cha joto kiko upande wa hita. Ukigusa pedi kubwa ncha inapoa, lakini habari hiyo inachelewa kufika kwenye kidhibiti. Mtumiaji anaona lehemu haiyeyuki, anapandisha joto hadi nyuzi 420, na hapo anachoma kila kitu. Mfumo wa katriji umeunganisha hita, kihisi na ncha kuwa kitu kimoja. Ncha ikipoa kidogo tu, kidhibiti kinajua na kuongeza nguvu papo hapo. Inapata moto kwa sekunde chache, na unaweza kufanya kazi kwa nyuzi 330 hadi 350 bila kuhangaika.

Kwa kibano tofauti hiyo inaonekana zaidi, kwa sababu ncha zake ni nyembamba na hazina akiba kubwa ya joto. Pedi moja ya kapasita mara nyingi imeungwa kwenye uwanja mpana wa shaba, ule upande wa hasi unaotandazwa bodi nzima. Joto lote linanyonywa na shaba hiyo kama maji kwenye mchanga, na upande huo unabaki mgumu huku wa pili umeyeyuka zamani. Ndiyo maana ni muhimu kila mkono wa kibano uwe na kihisi chake na udhibitiwe peke yake. Muulize muuzaji hilo. Asipojua, omba kitabu cha maelezo usome mwenyewe.

Kampuni ya JBC ya Hispania imejulikana sana kwa katriji za aina hii. Familia yake ya C245 ni ya kazi za jumla, C210 ni ya kazi ndogo, na C115 ni ya vipande vidogo kabisa. Stesheni yake iitwayo CD imetengenezwa kwa mpini mmoja. Anayetaka kibano anaelekezwa kwenye stesheni ya mipini miwili kama DDE, inayokubali kibano kidogo cha AM120 na kile kikubwa cha HT420. Ni vifaa vya kiwandani, na seti kamili ya mipini miwili hufika dola elfu moja na kupita. Hakko ya Japani ina njia mbili. FX-888D, stesheni ya muundo wa zamani lakini imara, inaweza kuchomekwa kibano cha FX-8804. Ya gharama zaidi ni kibano cha katriji cha FM-2023, kinachotumia ncha za familia ya T9. Metcal ya Marekani inatumia fizikia nyingine kabisa: aloi iliyo ndani ya katriji hupoteza usumaku wake ikifika joto maalumu, na hapo inaacha kupokea nguvu. Stesheni yake haina kitufe cha kuchagua nyuzi, kwani joto limeamuliwa tangu ncha ilipotengenezwa. Ninauheshimu sana mfumo huo, ingawa kwa nyumbani unakulazimu ununue ncha kwa kila joto.

Kisha zipo kampuni za China, mfano Sugon na Aixun, zinazotengeneza stesheni za kutumia katriji za maumbo ya JBC. Kwa mtu wa nyumbani hapa kwetu, ninaamini huku ndiko kwenye thamani. Unapata kasi ya katriji kwa sehemu ndogo ya bei, na umbo la katriji likiwa la kawaida, ncha utazipata kwa wauzaji wengi, za asili na za kuigwa. Ila usidhani kwamba stesheni yoyote yenye tundu linaloingia kibano itakiendesha. Kibano kina hita mbili na vihisi viwili. Stesheni lazima iwe imeundwa kukitambua. Jina la kibano liwe limeandikwa kwenye orodha ya mipini inayokubaliwa, vinginevyo usilipe.

Kabla ya kulipa kuna suala la umeme, nalo limewagharimu watu fedha. Tanzania soketi inatoa volti 230, Kenya na Uganda 240. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120. Stesheni nzuri iliyotumika, iliyokuja ndani ya kontena la mitumba kutoka Japani, inaweza kuwa ya volti 100 pekee. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, kama fyuzi yake haikuwahi kukatika, imekwenda. Soma kibandiko cha nyuma. Kwa stesheni za JBC, namba inayofuata kistari kwenye jina la modeli inakuambia: 2 ni volti 230, 1 ni 120, 9 ni 100. Kama umeipenda ya volti 100, hesabu bei ya transfoma yenye wati zaidi ya zile za stesheni. Kwa stesheni ya wati 130, transfoma ya wati 200 ndiyo ya chini ninayoweza kuiamini.

Nenda dukani na mita yako. Weka kwenye kipimo cha omu, gusa pini ndefu ya plagi, ile ya ethi, kisha gusa ncha. Kwa stesheni iliyoungwa ethi moja kwa moja, mita isome chini ya omu 2. Ikionyesha njia imekatika, ncha inaelea, na mkondo mdogo unaovuja unaweza kuua saketi nyeti. Ukiwa nyumbani, hakikisha pia soketi yako ina waya wa ethi uliofika ardhini kweli, kwa maana kuna nyumba nyingi ambamo tundu la ethi ni pambo.

Halafu kishike kibano kikiwa baridi. Kifunge polepole mbele ya taa. Ncha zikutane sawasawa, moja isiwe mbele ya nyingine wala juu yake. Vibano vizuri vina skrubu ya kurekebisha jambo hili. Visivyo nayo, mkao wa dukani ndio utakaoishi nao. Springi isiwe ngumu, maana baada ya nusu saa vidole vitaanza kutetemeka. Waya uwe laini kama wa silikoni, usivute mpini. Umbali kutoka vidole hadi ncha uwe mfupi, kwani kila sentimita inayoongezeka inakuza mtetemo wa mkono.

Ncha zenyewe huuzwa kwa jozi, na za asili si rahisi kwa bei. Usianze na jozi tano. Jozi moja yenye makali membamba kwa 0402 hadi 0805, na nyingine yenye bapa la milimita kadhaa kwa transista za miguu mitatu, dayodi na saketi ndogo za miguu minane, zinatosha kazi nyingi za nyumbani.

Kuhusu matumizi, jambo ambalo wengi wanaliruka ni kuongeza lehemu mpya kabla ya kutoa. Bodi nyingi za viwandani zimelehemiwa bila risasi, hasa tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika Julai 2006. Lehemu hiyo ya bati, fedha na shaba huanza kuyeyuka kwa nyuzi 217, wakati ile ya bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwa 183. Weka flaksi, ongeza tone la lehemu ya risasi kila upande, ndipo ushike kwa kibano. Shika bila kubana. Subiri hadi kipande kiteleze chenyewe, kisha inua. Kikisita, usivute, ongeza sekunde moja.

Kwenye chaja na bodi za umeme za televisheni, mara nyingi kipande hakitainuka hata lehemu ikiwa maji. Chini yake kuna tone la gundi nyekundu, lililowekwa kiwandani kukishikilia bodi ilipopitishwa juu ya wimbi la lehemu. Hapa kibano kinang'ara: lehemu ikishayeyuka pande zote, zungusha kipande taratibu kushoto na kulia mpaka gundi iachie. Ukikivuta kwenda juu, gundi itaondoka na rangi ya bodi, pengine na njia ya shaba iliyopita chini yake.

Bodi hizo hizo zina hatari ambayo lazima niitaje. Kapasita kubwa iliyo upande wa umeme wa soketi hubeba takribani volti 325, na inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Pima kwa mita na uimalize chaji kupitia rezista kabla ya kuleta kibano ambacho ncha zake zimeungwa ethi. Na kwa kuwa tunazungumzia nyumbani, penye watoto, usilehemu kwenye meza ya kulia chakula. Moshi unaouona unatoka hasa kwenye flaksi na huchokoza mapafu, hivyo fungua dirisha na weka feni inayouvuta upande. Risasi huingia mwilini kupitia vidole vinavyoshika chakula. Nawa kwa sabuni kila unapoinuka.

Kibano kikishafika nyumbani, kifanyie mazoezi kwenye ile chaja iliyokufa. Toa kila kapasita na kila rezista ya upande wa chini, ukianza na kubwa, kisha ukague pedi kwa kioo cha kukuzia. Pedi zikibaki zote mahali pake, zinang'aa na hazijachubuka, unaweza kuiweka mezani laptopu ya jirani.