Fahamu: Kukodisha nyumba kwa makazi ya watu wazima wenye ulemavu Marekani

Ni mpango ambao mwenye nyumba hulikodisha shirika la huduma nyumba ya kawaida mtaani, nalo huwaweka humo watu wazima wachache wenye ulemavu na wahudumu wa zamu.

Chimbuko

Tangu 1981, Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imeweza kugharimia huduma nje ya taasisi. Mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kuwatenga watu wenye ulemavu kwenye taasisi pasipo sababu ni ubaguzi.

Nani hulipa kodi?

Hapa wengi hukosea. Medicaid hulipia wahudumu, si pango. Kodi kwa kawaida hutoka kwenye posho ya ulemavu ya mkazi, kupitia shirika.

Nyumba yenyewe

Mkataba mzuri hueleza nani atajenga njia ya mteremko ya kitimwendo, nani atapanua milango na, muda ukiisha, nani atairudisha nyumba ilivyokuwa. Kanuni za Medicaid za 2014 zinataka mlango wa chumba cha mkazi uwe na kufuli analoweza kulifunga mwenyewe.

Majirani

Sheria ya makazi, iliyorekebishwa 1988, inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya ulemavu, hata majirani walalamike vipi.