Kelele za Puli Zisipuuzwe

Mtama ni njia panda: barabara itokayo Lindi huendelea hadi Masasi, na nyingine hupanda kwenda Newala. Gari likiharibika hapo katikati, korosho za mkulima hulala njiani na utingo hukosa ujira wake.

Basi, injini ikianza kulia baada ya kufungwa puli ya bei nafuu, isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari, tusikimbilie kununua alteneta wala pampu ya maji. Fundi na azime injini, autoe mkanda, kisha aiwashe kwa muda mfupi tu, maana huenda maji hayazunguki. Kelele zikikoma, ubovu umo katika mkanda au katika vile unavyovizungusha. Azime tena, azungushe kila puli kwa mkono. Ikikwaruza, beringi imekwisha. Ikiyumba, imelegea au puli haikuchongwa sawasawa. Puli isiyokaa mstari mmoja na nyingine huutafuna mkanda hata ukatike, na injini ikachemka.

Ndugu wafanyakazi, unafuu wa dukani si unafuu wa barabarani. Tupime kwanza, ndipo tununue. Fedha ya jasho isipotee kwa kubahatisha.